Vumbi la Seremala

Useremala ni moja katika kazi chache ambazo uchafu wake hauhesabiwi kuwa ni uchafu. Mchoma makaa hurudi kwake mweusi, naye hunawa kabla ya kumpakata mwanawe. Mvuvi huacha magamba ya samaki mlangoni. Fundi wa magari hujulikana kwa mafuta meusi yaliyoganda katika kucha zake. Lakini seremala hutoka kazini na vumbi la mninga juu ya nyusi, akapita sokoni na kuamkiana na watu, na hapana mtu amwepukaye. Vumbi lake lina rangi njema na harufu njema. Latoka katika mti, na mti wajulikana kwa usafi: mswaki hutoka katika mti, na dawa, na mwiko wa kupikia, na jeneza. Kwa sababu hii watu wameishi na vumbi la mbao karne nyingi bila ya kulitilia shaka. Na hata walipolitilia shaka, shaka yao ilielekea lile fungu kubwa linaloonekana chini ya meza, ambalo silo lenye hatia kubwa.

Habari za mzee mmoja wa Keko, mahali pa Dar es Salaam panapojulikana kwa samani, zaweza kulieleza jambo hili kuliko maneno ya jumla. Jina lake halina haja ya kutajwa. Wateja walimwita Fundi, na mkewe pia alimwita Fundi, nusu kwa heshima na nusu kwa mzaha. Aliingia kazini mwaka 1971, kijana wa miaka 16, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kushika ncha ya ubao uliokatwa na mtu mwingine. Vyombo vya karakana siku zile vilikuwa msumeno wa mkono, randa, tezo, patasi, keekee na msasa.

Neno hili la mwisho lastahili kusimamiwa kidogo. Leo msasa ni karatasi yenye chembe za kukwaruza, nayo huuzwa dukani kwa namba. Lakini kabla ya kuwa karatasi ulikuwa jani. Mti wa msasa una majani yakwaruzayo kama ulimi wa paka, na mafundi wa zamani waliyachuma wakasugulia fimbo, milango na vitanda. Karatasi ilipokuja, lugha ilihifadhi jina baada ya jani kusahauliwa. Lugha hiyo hiyo imepambanua vizuri masalio ya kazi ya mbao. Yaangushwayo na randa huitwa maranda, kwa jina la mama yao. Uangushwao na msumeno huitwa unga. Na kile kisichoanguka upesi, bali huelea, huitwa vumbi. Watu walio na maneno matatu kwa mambo matatu wangaliweza kutambua mapema kwamba madhara ya mambo hayo pia si mamoja.

Ujana wa Fundi ulikuwa wa maranda. Randa yenye makali huvua mti ngozi, haiusagi. Maranda yalianguka yamejipinda kama nywele, watoto wakayavaa masikioni, wanawake wakayachukua kwa kuwashia moto, na wafuga kuku wakayatandika mabandani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 karakana ilipata msumeno wa umeme, kisha mashine ya kuranda, kisha msasa wa umeme. Kitanda kilichotaka siku nne kikamalizwa kwa siku moja na nusu. Hapana aliyeuliza kwa nini miale ya jua iliyopenya katika tundu za mabati, ambayo zamani haikuonekana, sasa ilisimama katikati ya karakana kama nguzo nyeupe. Mteja mmoja aliipiga picha kwa uzuri wake.

Isidhaniwe kwamba Fundi alikuwa mtu mchafu. Kila jioni kabla ya kufunga, sakafu ilifagiwa mpaka saruji ikaonekana, na mafundi wakajipuliza nguo na nywele kwa mpira wa pampu ya hewa, wakatoka nje nadhifu. Karakana za jirani zilitaniwa kwa uvivu. Ya Fundi ilisifiwa kwa ufagio. Ikawa hivi, kwamba chombo cha usafi ndicho kilichorudisha hewani kila jioni kile kilichokuwa kimetua mchana, na saa ya kufagia ndiyo saa ambayo vijana walivuta vumbi jembamba kwa wingi, wakiwa wamekwisha vua vitambaa walivyojifunga puani, kwa maana kazi ilikuwa imekwisha.

Mafundi wana elimu yao juu ya miti, nayo si ya kudharauliwa. Wajua kwamba mvule huwasha ngozi na kuvimbisha macho, na kwamba mara nyingine huficha ndani yake jiwe gumu la chokaa livunjalo meno ya msumeno. Wajua kwamba vumbi la mpingo, mti wa vinyago na wa ala za kupuliza, huwapa baadhi ya watu upele. Mninga ni mpole kwa randa, walakini yuko fundi asiyeweza kuusugua msasa bila ya kukohoa usiku kucha. Madaktari wameyathibitisha mengi ya haya. Katika mwerezi mwekundu wa Amerika ya Kaskazini wameifuatia pumu ya wachanaji mbao hata wakaipata asidi iliyomo mtini iletayo ugonjwa huo. Lakini elimu ya mafundi ilikuwa na mpaka wake. Ilijua madhara yajayo kwa saa na kwa siku. Yajayo baada ya miaka 40 haikuwa na njia ya kuyajua, kwa sababu hapana karakana iwekayo kumbukumbu za muda huo, na fundi afapo mzee husemwa kwamba amekufa kwa uzee.

Mwaka 2016 tundu la kushoto la pua ya Fundi liliziba. Mafua huziba tundu zote mbili, kisha huhama. Ugonjwa huu ulikaa upande mmoja haukutoka. Alijifukiza kwa majani ya mwarobaini na ya mkaratusi. Alitia mafuta ya habasoda. Baada ya miezi mitatu damu ilianza kutoka asubuhi, kidogo, kama ya mtu aliyejikuna. Zahanati aliyokwenda ilimpa dawa ya mafua, ikampa tena, na mara ya tatu ikampa dawa ile ile kwa jina jingine. Kila mara aliulizwa umri wake, mtaa wake, na kama alikuwa akivuta tumbako. Hakuwa akivuta, na kwa jibu hilo shauri lilifungwa.

Mpwa wake, aliyekuwa fundi wa pili katika karakana, ndiye aliyemshika mkono akampeleka hospitali kubwa. Huko walimkuta daktari wa kike, kijana wa umri wa binti yake, ambaye alimtazama mikono kabla ya kumtazama pua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee unafanya kazi gani?"

"Mimi seremala."

"Tangu lini?"

Fundi alicheka kidogo. "Kabla wewe hujazaliwa, mwanangu. Yamkini kabla mama yako hajaolewa."

Daktari hakucheka. Aliandika.

Swali lake halikuwa jipya. Mwaka 1700 tabibu Bernardino Ramazzini, aliyefundisha katika mji wa Modena nchini Italia, alichapisha kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, akawashauri matabibu waongeze katika maswali yao ya desturi swali moja zaidi, nalo ni lile la kazi ya mgonjwa. Miaka zaidi ya 300 imepita tangu ushauri huo, na bado mgonjwa aweza kuzunguka milango mitatu pasipo kuulizwa.

Alichokijua daktari yule kilikuwa kimepatikana mbali. High Wycombe ni mji wa jimbo la Buckinghamshire, upande wa kaskazini-magharibi wa London, nao kwa muda mrefu ulikuwa na sifa ya viti. Vilima vya Chiltern vilivyo karibu nao vina misitu ya mti mgumu uitwao biichi. Wachongaji wa zamani walikaa humo humo msituni, wakakereza miguu ya viti kwa mti mbichi uliojaa maji, kwa kerezo la kukanyaga kwa mguu. Masalio yao yalikuwa maranda yenye unyevu, yakaoza chini ya miti. Baadaye kazi ilihamia viwandani, mbao zikakaushwa, na mashine zikafanya kwa kasi kile ambacho mkono ulikifanya polepole. Habari ya High Wycombe na habari ya Keko ni moja, ila ile ya kwanza ilitangulia.

Katika miaka ya 1960 daktari wa masikio, pua na koo wa mji huo, Esmé Hadfield, aliona kwamba wagonjwa wake wa saratani moja ya ndani ya pua, iitwayo adenokasinoma, walikuwa wengi kupita kadiri, na tena kwamba walikuwa mafundi wa samani. Saratani hii ni adimu sana katika watu wote kwa jumla. Yeye aliiona tena na tena, katika mji mmoja, kwa watu wa kazi moja. Akashirikiana na Ronald Macbeth na Donald Acheson, na wengine pamoja nao, na mwaka 1968 utafiti wao ulichapishwa. Mtu mwenye haraka angaliishitaki vanishi, kwa sababu vanishi hunuka na huchoma macho, na binadamu hupenda kuamini kwamba kinukacho vibaya ndicho kidhurucho. Wao hawakuifanya haraka hiyo. Walitazama kila mgonjwa alifanya kazi gani na kwa muda gani, wakaona kwamba mzigo haukuwaangukia wapaka vanishi, bali wale waliokaa katika vumbi la mashine na msasa. Mwaka 1969 serikali ya Uingereza iliuingiza ugonjwa huo, kwa watu wa kazi hiyo, katika orodha ya maradhi ya kazini yenye haki ya fidia. Mwaka 1970 Acheson na wenziwe walionyesha jambo la namna hiyo kwa watengeneza viatu wa Northamptonshire, ambao vumbi lao lilitoka katika ngozi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo makao yake yako Lyon, Ufaransa, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika fungu la kwanza, yaani fungu la vitu ambavyo haviachi shaka kwamba huleta saratani kwa binadamu.

Kama sifa zingaligawanywa kwa haki, Hadfield angalijulikana katika kila karakana duniani. Hakugundua dawa wala mashine. Alihesabu wagonjwa wake, akakumbuka kazi zao.

Sababu ya ugonjwa kukaa puani na si mapafuni ni kwamba pua ni mlinzi mwaminifu. Chembe za vumbi zilizo kubwa kuliko sehemu kumi za elfu za milimita aghalabu hazipiti. Hunaswa juu ya ute, na ute husukumwa kuelekea kooni na vinyweleo vidogo vichezavyo daima kama mabua katika upepo, kisha humezwa bila ya mwenyewe kujua. Kwa mtu apumuaye vumbi la mbao mwaka hata mwaka, mwendo huo hupungua. Vumbi hukaa. Hukaa mahali pale pale, juu, penye vijishimo vya mifupa iliyo baina ya macho, na kati ya vumbi la kwanza na uvimbe mara nyingi hupita miaka 40 au karibu yake. Wala haifai kumtisha kila seremala: walio wengi hawaupati ugonjwa huu kabisa. Pumu, mafua yasiyokwisha, kifua kubana na upele ndiyo mafungu ya wengi, na hayo nayo si zawadi.

Fundi alielezwa haya kwa maneno mepesi, akanyamaza. Aliyeuliza alikuwa mpwa wake.

"Na mimi, daktari? Nilianza na miaka 16, kama mjomba."

"Sasa una mingapi?"

"Thelathini."

Daktari hakumpa hofu wala hakumpa ahadi. Alimwambia kwamba hapana chombo kiwezacho kupima miaka 14 iliyopita. Vumbi ambalo bado hajalivuta ndilo alilo na amri juu yake. Mpwa alirudi Keko siku ile akafanya kazi mpaka magharibi, akafagia, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Mzee alipasuliwa, kisha akachomwa kwa mionzi kwa majuma kadha. Katika mwezi wa pili wa kutokuwako kwake jambo jingine lilitokea karakanani, nalo lilimfundisha mpwa kile ambacho ugonjwa ulikuwa umekianza.

Kijana mwanafunzi alipaka meza mafuta ya kitani, akaifuta kwa vitambaa, akavikunja na kuvitupa katika gunia la unga wa msumeno, kama ilivyokuwa desturi ya kila siku. Mafuta ya kitani yakaukapo hutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa hulipoteza joto hilo hewani. Kilichokunjwa na kufunikwa hulihifadhi, likazidi, hata kikawaka pasipo kiberiti. Saa nane ya usiku mlinzi aliona moshi. Majirani walikuja na ndoo. Mtu wa kwanza alirusha maji kwa nguvu. Gunia likapasuka, unga ukatimka, na mwali mmoja mpana ukapita juu ya vichwa vyao kwa sauti kama ya tanga lipigwalo na upepo. Kisha hapakuwa na kitu. Watu wawili waliungua nyusi, mmoja shati. Lile gunia lenyewe, lililokuwa likifuka tu kwa uvivu, lilizimwa baadaye kwa mchanga. Asubuhi wengine walitaja petroli, wengine mashetani, na wengine wivu wa kibiashara.

Mashetani hawahitajiwi hapa, hesabu yatosha. Kipande cha mti chenye sentimita moja kila upande kina uso wa sentimita 6 za mraba unaogusana na hewa. Kikikatwa kikawa vijipande vya sehemu moja ya kumi ya milimita, vijipande hivyo ni milioni moja, na uso wake wote pamoja ni sentimita 600 za mraba. Mti ni ule ule na uzito ni ule ule, lakini moto umepewa mlango mara mia moja zaidi. Ndiyo maana gogo huhitaji kupepewa ili liwake, na vumbi la gogo lile lile, likitawanyika hewani na kukutana na cheche, huwaka lote kwa mara moja. Likiwa mahali wazi huwa mwali upitao. Likiwa ndani ya chumba, bomba au sanduku la mashine, hewa iliyopata moto hutanuka, ikatafuta pa kutokea, nao ni mpasuko.

Jambo hili lajulikana tangu zamani. Tarehe 14 Desemba 1785 ghala ya mwoka mikate wa Turin ililipuka, na mtu mmoja mwenye cheo, Morozzo, akaandika maelezo yake: kijana alikuwa akiporomosha unga wa ngano kwa koleo, na taa ilikuwa ikiwaka karibu. Unga wa ngano na unga wa mti ni ndugu katika shauri hili.

Lakini mwako wa kwanza aghalabu si ndio uuao. Hutikisa jengo, na vumbi lililotua juu ya boriti, mabomba na taa kwa miezi na miaka hushuka lote pamoja, likakutana na moto ulio tayari. Wataalamu wa moto wa Marekani huhesabu kwamba tabaka isiyofikia unene wa milimita moja, ikienea, yatosha kuwa hatari. Usiku wa tarehe 20 Januari 2012, wakati wa baridi kali, kiwanda cha kuchana mbao karibu na Burns Lake, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, kililipuka. Watu 2 walikufa na 20 wakaumia. Misunobari iliyochanwa humo ilikuwa imeuawa na mdudu wa magome, ikakauka ingali imesimama, na vumbi la mti mkavu ni jembamba na jepesi kuliko la mti mbichi. Msomaji angetazamia kwamba viwanda vyote vya jimbo hilo vingefagia dari zao juma lile lile. Tarehe 23 Aprili mwaka ule ule kiwanda kingine kililipuka katika mji wa Prince George wa jimbo hilo hilo. Wakafa 2, wakaumia 22. Na mwezi wa Julai 2015, huko Bosley nchini Uingereza, katika kinu kilichosaga mti kuwa unga, walikufa watu 4. Hizi ni nchi zenye wakaguzi, sheria na vyombo vya kupimia.

Tanzania nayo ina sheria yake ya usalama na afya mahali pa kazi, iliyotungwa mwaka 2003, na vumbi la karakana ndogo za mbao nchini limepata kupimwa na wataalamu, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Hapana awezaye kusema kwamba jambo hili halikujulikana. Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2023, hauruhusu zaidi ya miligramu 2 za vumbi la mbao ngumu katika kila mita ya ujazo ya hewa ambayo mfanyakazi huipumua kazini. Kwa watu wanne walio chini ya mabati, wenye mashine ya mkono wa pili na kodi ya mwezi isiyolipwa, miligramu ni neno la mbali. Sheria huandikwa kwa ajili ya mwajiri mwenye ofisi. Fundi wa Keko ni mwajiri, mwajiriwa na mkaguzi kwa pamoja, na aghalabu yu mdeni pia. Ingefaa maofisa wakumbuke kwamba mtu wa namna hii hawezi kulipa faini kwa vumbi, lakini aweza kuonyeshwa namna ya kuliondoa.

Mpwa hakuonyeshwa na mtu. Siku ya pili baada ya moto alitazama juu. Mwali haukufika kwenye boriti. Ulikuwa umepungukiwa dhiraa mbili au tatu. Aliweka ngazi, akapanda, akapitisha mkono juu ya boriti ya kwanza, na mkono ukazama mpaka kifundo. Vumbi lile lilikuwa jepesi na baridi, la rangi ya unga wa muhogo, na la chini kabisa lilikuwa jekundu, la miti ambayo karakana haikuinunua tena kwa miaka kumi. Waliliondoa kwa vitambaa vya maji, siku mbili, bila ya kufagia na bila ya kupuliza. Lilijaa madebe manne. Miaka yote ile ya sifa ya ufagio, madebe manne yalikuwa yamekaa juu ya vichwa vyao.

Mzee aliporudi alikuta karakana imebadilika. Msasa wa umeme ulikuwa umehamishiwa nje, chini ya mwembe, na anayesugua alisimama upepo ukimtoka mgongoni. Msumeno ulikuwa umefungiwa pipa na feni, likivuta unga pale pale uzaliwapo na kuupeleka katika mfuko uliokaa nje ya ukuta. Vitambaa vya mafuta vilitandikwa juu ya waya kama nguo, kisha vikatiwa katika ndoo ya maji yenye kifuniko. Sakafu ilinyunyizwa kabla ya kuzolewa. Barakoa za kweli, si leso, zilining'inia kwa misumari, kila moja na mwenyewe. Hayo yote yaligharimu karibu thamani ya kitanda kimoja cha mninga, ukitoa feni, iliyopatikana kwa mkopo.

Fundi alitazama akakubali kwa kichwa. Alikuwa amepona kwa kadiri watu waponavyo, lakini uwezo wa kunusa haukurudi. Yeye aliyeweza kutambua mkongo na mninga gizani kwa harufu, sasa aliletewa kipande cha ubao akakisogeza puani kwa mazoea, kisha akakigeuza mwangani atazame nyuzi zake. Wateja wa zamani hawakutambua tofauti. Mpwa alitambua, akawa anataja jina la mti kila amleteapo ubao, kana kwamba ni desturi ya siku zote.

"Mkongo huu, mjomba."

"Naona."

Tabu iliyobaki ilikuwa ya muda. Upepo wa Dar es Salaam hauna saa za kazi. Ukigeuka kuelekea uchochoroni penye nyumba za watu, msasa ulisimamishwa, na samani zikachelewa. Alasiri moja mteja alikuja kuchukua kabati aliloahidiwa, akalikuta halijasuguliwa, na mafundi wamekaa chini ya mwembe wakinywa kahawa. Aliuliza kama karakana imefiwa.

"Hatujafiwa, bwana," alisema mzee. "Twangoja upepo."

"Karakana ya pili hapo hawangoji upepo."

"Kweli."

Mteja alisimama kitambo, akatazama kabati, akatazama mwembe, ambao majani yake yalikuwa yameelekea nyumba za jirani. Alikuwa amekuja na fedha ya malipo ya mwisho pamoja na arubuni ya meza, akaondoka nazo zote mbili. Mpwa alitaka kumfuata. Mzee alimzuia kwa mkono, akaomba kahawa nyingine, na kwa kuwa vijana wa karakana ya jirani walikuwa wameanza kufagia, akamwambia afunge madirisha ya upande ule.